Kutoka Ofisini Hadi Kaunta: Kazi ya Baa Inamlipa Nani?

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na walioomba wakazidi 135,000. Ukigawanya, kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 80. Waliokosa hawakukaa kusubiri tangazo lingine. Wapo waliorudi shambani, wapo wanaoendesha bodaboda, wapo wanaouza nguo mtandaoni, na wapo ambao leo saa kumi jioni watavaa fulana nyeusi, watapanga bia kwenye friji na kusimama nyuma ya kaunta ya baa. Hata miongoni mwa waliokwisha kupata kiti cha ofisini, kuna ambao baada ya miaka kadhaa ya foleni ya Mwenge, simu za bosi saa tatu usiku na mshahara unaokata tarehe 10, wameanza kujiuliza kama yule kijana anayechanganya kokteli kwenye hoteli ya Nungwi hawazidi kipato na amani ya moyo.

Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa aibu. Mzazi anasema, "Sijakusomesha ukauze pombe," na mazungumzo yanaishia hapo. Linastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sheria, na kwa kuiangalia kazi yenyewe inavyofanyika. Msimamo wangu niuweke mezani mapema: kazi ya kaunta ni fani kamili, inayomtosha mtu mwenye akili na shahada yake. Kinachomponza anayehama ofisi ni kwamba anaacha nyuma mkataba, saa za kazi zinazojulikana na michango ya hifadhi ya jamii, na hakuna anayemwambia kwamba vitu hivyo ni haki yake hata ndani ya baa.

Tuelewane kwanza ni baa ipi. Kuna grosari ya mtaani yenye friji mbili na meza nne, ambako mwenye mali, muuzaji na mlinzi wanaweza kuwa mtu mmoja. Kuna baa ya nyama choma ya Sinza au Mbezi, viti vya plastiki na televisheni ya mpira, ambako mtu wa kaunta anakaa ndani ya nondo pamoja na bia na fedha, na wahudumu, karibu wote wanawake, wanazunguka mezani. Kuna sehemu za Masaki na Oysterbay zenye muziki wa DJ na orodha ya kokteli. Halafu kuna hoteli kubwa za Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar, na kambi za watalii huko Serengeti, ambako anayesimama kaunta amevaa tai na anaweza kumweleza mgeni tofauti ya jini mbili. Anayekwambia "kazi ya baa inalipa" na anayekwambia "kazi ya baa ni utumwa" huenda wote wanasema kweli, ila hawajawahi kufanya kazi kwenye baa ya aina moja.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huidhani ni kufungua chupa na kurudisha chenji. Chukua chupa moja ya pombe kali ya mililita 750. Kwa toti ya mililita 25, chupa hiyo inatoa toti 30. Mtu wa kaunta asiye na mkono uliozoea akimimina mililita 30 kila mara, labda kwa kukadiria kwa macho, labda kwa kumpendelea mteja anayemchekea, chupa ile ile inaisha kwenye toti ya 25. Toti tano zimepotea. Tuseme toti inauzwa shilingi 5,000, na usiku wa Ijumaa zimefunguliwa chupa nne: hapo zimepotea shilingi 100,000 bila mtu yeyote kuiba. Ndiyo maana kwenye baa inayoendeshwa vizuri utamwona mtu anainamisha chupa kwenye kipimio cha chuma, anajaza hadi ukingoni, anageuza, na anafanya hivyo mara 200 kwa usiku mmoja huku anaongea na watu watatu. Hiyo ni nidhamu ya mkono ambayo haiji kwa wiki moja.

Halafu kuna kufunga hesabu. Muziki umezimwa, viti vimepandishwa juu ya meza, na mtu wa kaunta anahesabu kila chupa iliyo kwenye friji, kila iliyo stoo na kila iliyofunguliwa. Zilizofunguliwa anazikadiria kwa sehemu za kumi: hii imebaki saba, hii imebaki tatu na nusu. Mzigo uliokuwepo wakati wa kufungua, ujumlishe ulioingia, utoe uliobaki. Jibu lazima lilingane na fedha zilizomo ndani ya droo pamoja na zilizoingia kwa M-Pesa na Mixx. Likipungua, hiyo ni shoti, na shoti ina mwenyewe. Karani wa ofisini anafunga hesabu mwisho wa mwezi akiwa na kikombe cha chai na umeme wa mchana. Huyu anaifunga kila siku saa nane za usiku, miguu imevimba, na akikosea analipa.

Ubunifu nao upo, hata kama kwenye baa za mtaani haupati nafasi. Kinywaji kiitwacho Dawa, kilichopata umaarufu Nairobi kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980, kinaonekana rahisi: vodka, ndimu, sukari, barafu na asali. Lakini asali ikitiwa kwenye kinywaji baridi inaganda na kuzama chini kama donge. Kwa hiyo inaviringishwa kwenye kijiti, kijiti kinasimamishwa ndani ya glasi, na mnywaji mwenyewe anakizungusha na kukibonyeza kwenye vipande vya ndimu hadi apate utamu anaoutaka. Ndimu nayo inapondwa pamoja na sukari kwa kiasi. Ukiiponda kupita kiasi, ganda jeupe linaachia uchungu na glasi nzima imeharibika. Aliyetengeneza hivyo alichukua wazo la kinywaji cha Brazili, akalifanyia kazi hadi likawa la hapa, na leo mtalii anaagiza Dawa kutoka Mombasa hadi Arusha.

Duniani fani hii ina historia yake iliyoandikwa. Mmarekani Jerry Thomas alichapisha kitabu cha namna ya kutengeneza vinywaji mwaka 1862. Mwaka 1903 mwanamke, Ada Coleman, alianza kazi kwenye kaunta ya hoteli ya Savoy jijini London, akaja kuwa mkuu wake, na kokteli aliyoibuni bado inaagizwa. Chama cha kimataifa cha watu wa kaunta kiliundwa Torquay, Uingereza, mwaka 1951. Kwetu mwanzo ulikuwa tofauti kabisa, na naamini dharau tunayoiona leo ina mizizi huko. Kwenye klabu za wazungu, Mwafrika aliyesimama nyuma ya kaunta alimimina vinywaji ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kisheria kuvinunua. Nchini Kenya ruhusa ya Mwafrika kununua hata bia ya chupa ilikuja mwaka 1947. Mhudumu huyo aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Uhuru ulibadilisha wateja na wenye baa, lakini namna ya kumwita anayehudumia kwa kupiga mluzi au kugonga meza tumeirithi bila kuihoji.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mtu wa ofisini anapaswa kusimama na kufikiri sana.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya Tanzania ya mwaka 2013 iliweka shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, wakati hoteli kubwa za kitalii zilipangiwa 250,000. Viwango vimepandishwa tangu hapo, na kuanzia Januari 2026 wastani wa kima cha chini kwa sekta binafsi umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Lakini tazama ule mpangilio wa 2013: anayehudumia kwenye baa aliwekwa karibu nusu ya anayefanya kazi ile ile kwenye hoteli ya watalii. Na hiyo ni karatasi ya serikali. Mitaani bado kuna baa zinazomlipa mhudumu kwa idadi ya chupa alizouza, na nyingine humwambia wazi kwamba mshahara wake ni kile atakachoachiwa na wateja.

Bakshishi, au tipu kama inavyoitwa baa, ndiyo inayowavuta wengi. Ni kweli kwamba usiku mmoja mzuri wa mwisho wa mwezi, kwenye sehemu yenye wateja wenye fedha, unaweza kumpa mtu kiasi ambacho karani anakisubiri wiki nzima. Ila ni fedha ya msimu. Inajaa mwezi wa Desemba, inakauka Januari ada za shule zinapolipwa. Benki haiitambui unapoomba mkopo, NSSF haiihesabu katika pensheni yako, na ukiugua homa ya siku tano inakatika siku hiyo hiyo. Uingereza imepitisha sheria inayomzuia mwajiri kuchukua hata senti ya tipu ya wafanyakazi, na imeanza kutumika Oktoba 2024. Marekani, kinyume chake, sheria ya shirikisho bado inaruhusu anayepata tipu alipwe mshahara wa dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa sharti kwamba tipu zifikishe malipo yake kwenye kima cha chini. Mkataba Namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na migahawa, unasema mfanyakazi lazima alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi vinavyojulikana, apate tipu asipate. Kanuni hiyo ndiyo ningependa kila mwenye baa aibandike ukutani: fedha ya mteja ni nyongeza, na mshahara ni deni la mwajiri.

Kisha shoti. Katika baa nyingi za mtaani mhudumu hachukui bia kaunta kwa niaba ya baa. Anaichukua kwa jina lake. Mteja anasema, "Dada, tuletee nyingine nne, baridi," naye anajibu, "Sawa kaka," na tangu zile bia zinapotoka kwenye nondo, deni ni lake. Meza ikiondoka bila kulipa, mteja akijifanya anaenda chooni na kupitia mlango wa nyuma, glasi ikivunjika, bili ikibishaniwa na mlevi anayedai alikunywa tatu wakati chupa sita ziko mbele yake, atalipa yeye. Nimeshuhudia mhudumu akisimama mlango wa baa saa saba usiku akilia kwa sababu ya meza moja iliyotoroka na bili iliyozidi mshahara wake wa wiki mbili. Mwenye baa hakupoteza kitu.

Hilo ni kinyume cha sheria, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaolijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara mpaka mambo kadhaa yatimie: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kujieleza, awe amekubali deni hilo kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mteja aliyetoroka wakati mhudumu yuko jikoni anachukua supu ya meza nyingine hawezi kuwa kosa la mhudumu. Na hata pale kosa ni lake kweli, robo tatu ya mshahara lazima aende nayo nyumbani. Ofisini, mhasibu akimkata mtu nusu ya mshahara kwa sababu kompyuta imeibwa, ofisi nzima ingepiga kelele. Baa hufanya hivyo kila wiki na watu hunyamaza.

Sheria hiyo hiyo ina mengine yanayomgusa mtu wa kaunta kuliko karibu mfanyakazi mwingine yeyote. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Usiku, kisheria, ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku inalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Anayeingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa saba usiku ana saa tano za usiku katika kila zamu. Sikukuu analipwa mara mbili, na sikukuu ndizo siku ambazo baa inajaa: Krismasi, Idi, Saba Saba. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Waulize wahudumu wa baa mtaani kwenu nani kati yao aliwahi kupata likizo yenye malipo. Vyama vya wafanyakazi vipo, CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya, lakini nguvu yao kubwa iko hotelini, ambako kuna ofisi ya rasilimali watu ya kujadiliana nayo. Kwenye baa ya nyama choma mwajiri ni mzee mmoja mwenye gari anayekuja kuchukua mauzo asubuhi.

Kwa mwanamke, mahesabu haya yana safu nyingine. Mwaka 2000 watafiti waliwapima wahudumu wanawake 600 wa baa katika miji ya mkoa wa Mbeya, eneo linalopitiwa na barabara kuu iendayo Zambia, na kukuta takribani theluthi mbili wanaishi na virusi vya Ukimwi. Matokeo ya namna hiyo yalitumiwa na wengi kuwahukumu wanawake wenyewe. Mimi nayasoma kama ripoti ya mazingira ya kazi. Mtu anayelipwa kidogo, anayedaiwa shoti, anayelala chumba cha nyuma cha baa kwa hisani ya bosi na anayetegemea tipu ya mwanaume aliyelewa, uwezo wake wa kusema hapana umekwisha kupunguzwa kabla mteja hajafungua mdomo. Matibabu na kinga vimebadilika sana tangu wakati huo, ila mpangilio wa kazi haujabadilika kwa kasi hiyo.

Mhudumu kushikwashikwa kumezoeleka mno, kana kwamba ni sehemu ya kazi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai Tanzania, na hakuna kipengele kinachosema baa ni eneo huru. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unakwenda mbele zaidi na kutaka ukatili unaofanywa na watu wengine, wateja wakiwemo, uhesabiwe kama ukatili wa kazini. Meneja anayemwambia mhudumu "mvumilie, huyo ni mteja mkubwa" anamuuza mfanyakazi wake. Mwanamke mwenye shahada anayefikiria kaunta aangalie kwanza jambo hili: je, baa hiyo imewahi kumtoa mteja nje kwa kumshika mhudumu? Jibu litamwambia zaidi ya tangazo lolote la kazi.

Kuna swali la imani, na linahitaji kuheshimiwa. Kwa Mwislamu wa Tanga, Mombasa au Unguja, mafundisho ya dini yake hayamlaumu mnywaji peke yake. Yanamtaja pia anayemimina, anayebeba na anayeuza. Wakristo wengi wa makanisa ya kiroho nao hawataki kazi hiyo iingie nyumbani mwao. Ndiyo maana kaunta nyingi za Zanzibar zinahudumiwa na vijana kutoka bara na Kenya, ingawa uchumi wa visiwa unazitegemea sana. Utegemezi huo ulionekana Januari 2024: wakati hoteli zikilalamikia uhaba wa vileo baada ya mabadiliko ya vibali vya waagizaji, waziri wa utalii wa Zanzibar alijiuzulu. Kijana ambaye dhamiri yake inakataa pombe asisukumwe. Ujuzi ule ule wa mkono na ulimi una soko kwenye kahawa, juisi na vinywaji visivyo na kilevi, na hoteli za Ghuba zinaajiri watu wa namna hiyo.

Mwili nao una gharama zake. Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na ukarudia hukumu hiyo mwaka 2019. Moshi wa sigara ni hatari nyingine. Ireland ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya baa mwezi Machi 2004, nchi ya kwanza kufanya hivyo kitaifa, hoja iliyotumika ilikuwa afya ya wafanyakazi: mnywaji anavuta moshi saa mbili, anayemhudumia anauvuta kila siku ya maisha yake ya kazi. Ongeza kelele, miguu, na zile "ofa" za wateja. Mtu wa kaunta anayekubali kila ofa anajiweka kwenye hatari ya kuwa mgonjwa wa bidhaa anayoiuza. Wazoefu huomba ofa igeuzwe soda au fedha, na meneja mwenye busara anawaunga mkono.

Uhakika wa ajira je? Kenya ilitoa somo kali. Sheria yake ya vileo ya mwaka 2010, maarufu kwa jina la Sheria ya Mututho, ilishafinya saa za baa hadi kati ya saa kumi na moja jioni na saa tano usiku siku za kazi. Korona ilipoingia, baa zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi mwishoni mwa Septemba, na amri ya kutotoka nje usiku ikaendelea kuzifinya hadi Oktoba 2021. Karani aliyetumwa nyumbani na kompyuta yake aliendelea kulipwa. Mhudumu wa baa asiye na mkataba hakuwa hata na barua ya kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kuajiriwa.

Baada ya yote haya, kwa nini bado nasema kaunta inaweza kuwa chaguo zuri? Kwa sababu ngazi ipo, na inapandika. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, Chuo cha Taifa cha Utalii cha Tanzania, na chuo cha hoteli cha VETA pale Njiro, Arusha, vyote vinafundisha huduma ya chakula na vinywaji kama taaluma. Anayepitia huko akaingia hoteli yenye jina, akajifunza mvinyo, akajua Kiingereza chake vizuri na Kifaransa au Kiitaliano kidogo, anaweza kuwa mkuu wa kaunta, kisha meneja wa vinywaji, kisha wa idara nzima. Wapo wanaokwenda Dubai, wapo wanaopanda meli za kitalii. Hapo mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini ana faida kubwa kuliko anavyodhani: anajua kusoma mkataba, kutengeneza jedwali la stoku, kuandika ripoti na kuzungumza na msambazaji bila kutetemeka. Baa nyingi zinakufa kwa kukosa mtu mmoja wa namna hiyo.

Na tuseme ukweli kuhusu ofisi inayoachwa. Kwa kijana wa leo ofisi mara nyingi maana yake ni "kujitolea" mwaka mzima bila mshahara, au mikataba ya miezi mitatu inayohuishwa kwa huruma. Mwenye mkopo wa elimu ya juu akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hajanunua sukari. Anayekimbia ofisi ya namna hiyo kwenda hoteli yenye mkataba anakwenda mahali penye usalama zaidi. Anayeacha ajira yenye pensheni kwenda baa ya mtaani kwa sababu ameona tipu za Ijumaa moja anajiumiza, hata kama miezi mitatu ya kwanza itamchekea.

Nani anafaa? Mtu anayependa watu hata wakiwa wachovu na wabishi. Anayeweza kumwambia mteja mkubwa, "Mzee wangu, kwa leo imetosha, nikuitie bajaji," na mteja akaondoka bila kudhalilika. Anayehesabu kwa haraka na haoni aibu kuhesabu tena. Anayelala mchana. Mwenye ndoa na watoto wadogo azungumze na mwenzake kwanza, maana kazi hii inaanza saa ambazo familia inakaa mezani.

Wenye baa nawaomba jambo moja: acheni kuwabebesha wahudumu hasara za biashara yenu. Wekeni malipo kabla ya kinywaji kutoka, au mlinzi mlangoni, au mashine ya bili. Njia zipo na ni rahisi kuliko kubadilisha wafanyakazi kila mwezi. Wanywaji wenzangu, lipeni bili kabla hamjasimama, na mwiteni mhudumu kwa heshima mnayomwitia dada au kaka yenu.

Wewe unayefikiria kuhama, usiandike barua ya kuacha kazi kesho. Omba zamu za Ijumaa na Jumamosi kwenye baa unayoitamani kwa miezi miwili au mitatu, uone kufunga hesabu kunakuwaje na shoti inamwangukia nani. Ukiipenda kazi, dai mkataba wa maandishi wenye mshahara wa msingi, saa za kazi, nyongeza ya usiku, siku za likizo na namba yako ya NSSF. Mwajiri akisema mambo hayo si ya baa, baki ulipo na uendelee kutafuta kaunta nyingine.